Safu ya Waendesha Baiskeli

Mageni alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na moja, mwaka ule mumewe, Masalu, alipokwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu na kuiacha baiskeli yake imeegemea ukuta wa ghala la mpunga. Alijifunzia kwenye majaruba yaliyokauka nyuma ya nyumba, binti yake Limi akimshikia keria na kucheka mpaka machozi. Ilikuwa baiskeli kubwa nyeusi ya kiume. Siku ya kwanza aliipandisha juu ya kichuguu. Siku ya nne alimgonga ndama. Ndama hakuumia, ila kwa wiki nzima alikuwa akimwona Mageni tu anakimbilia zizini.

Mwezi uliofuata alikuwa anapeleka maziwa Kahama mwenyewe. Kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, madumu mawili ya lita ishirini yakiwa yamefungwa kwenye keria kwa mipira. Wateja wake walikuwa Nyasubi: migahawa miwili, mama mmoja wa mtindi, na nyumba kadhaa zenye watoto wadogo. Baada ya miaka mitatu, mtaa mzima ulikuwa unamwita Mama Maziwa. Hakuna aliyewahi kumwita mwendesha baiskeli, na yeye mwenyewe asingeitika. Waendesha baiskeli aliwajua: ni wale vijana waliopita kijijini kwao kila Jumapili wamevaa nguo za kubana na miwani myeusi, wameinama kana kwamba wanatafuta sindano barabarani, wakijiandaa na mashindano. Walikuwa wakimpita vuu, naye akiwapungia mkono.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita alipofika njia panda ya kuingilia Nyasubi, alimkuta binti amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, mapajani ana ubao wenye karatasi. Mageni alisimama, mguu mmoja chini.

"Shikamoo mama," alisema yule binti.

"Marahaba. Mwanangu, hapa unauza nini?"

"Siuzi kitu. Nahesabu watu wanaopita barabarani."

"Wote?"

"Wote. Kila mtu ana safu yake." Alimwonyesha karatasi. Kulikuwa na safu ya malori, ya mabasi, ya magari madogo, ya bajaji, ya bodaboda, na nyingine mbili za mwisho. Kila safu ilikuwa imejaa vijiti vidogo vya kalamu.

"Na mimi umeniweka wapi?"

"Hapa, mama. Waendesha baiskeli."

Mageni aliangua kicheko, madumu yakatikisika. "Nifute hapo! Mimi nauza maziwa."

"Lakini uko juu ya baiskeli."

"Hata wewe uko juu ya kiti, mbona hujaitwa seremala?"

Yule binti alicheka, akasema anaitwa Rhoda. Alieleza kwamba barabara ile itapanuliwa, na wataalamu wanataka kujua nani anaitumia ili kila mmoja apewe nafasi yake. Kazi ingekuwa ya siku tatu. Mageni alimtakia kazi njema, akapanda, akaenda zake huku bado anatabasamu.

Kesho yake, kama mita mia moja kabla ya njia panda ile, lori la trela lililokuwa linaelekea migodini lilimpita kwa karibu mno. Halikumgusa. Upepo wake tu ulitosha. Usukani ulimponyoka, gurudumu la mbele likashuka kwenye ukingo wa lami, na Mageni akajikuta amekaa ndani ya mtaro, dumu moja limepasuka na maziwa yanateremka polepole kwenye mchanga mwekundu.

Rhoda alikuja mbio, mwavuli wake umeachwa unabingirika. "Mama! Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekasirika." Mageni alijikagua viwiko, kisha akaitazama baiskeli. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda kama chapati iliyokunjwa vibaya. Wakasaidiana kuitoa, wakalifunga upya dumu lililobaki. Rhoda alirudi kwenye kiti chake, naye Mageni akaanza kuikokota baiskeli, gurudumu likilia kila lilipozunguka. Alipofika usawa wa mwavuli akasimama.

"Leo umeniweka wapi?"

Rhoda aliinamisha uso. "Maelekezo yanasema anayekokota baiskeli ahesabiwe kama mwenda kwa miguu."

"Kwa hiyo yule dereva ameniondoa barabarani, na wewe ukaniondoa kwenye karatasi."

Hakusema kwa ukali, lakini Rhoda alibaki ameshika kalamu hewani mpaka mabasi mawili yakapita bila kuandikwa.

Jumatano Mageni alikuja amepanda guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, baiskeli yake imelazwa juu ya magunia ya mpunga, inapelekwa kwa fundi. Alipokaribia mwavuli alipaza sauti, "Rhoda! Leo mimi ni gunia! Andika gunia!" Dereva wa guta alicheka nusura apoteze njia. Rhoda alisimama, akamkimbilia na kumpa karatasi ya tangazo. Jumamosi kungekuwa na mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa kata, kuzungumzia mchoro wa barabara.

"Njoo mama, tafadhali. Nitakuwepo."

Jioni Masalu alipiga simu kutoka Nyarugusu, nyuma yake zikisikika mashine za kusaga mawe. Mageni alimweleza habari ya lori na ya mkutano.

"Mkutano wa barabara? Tangu lini una gari?"

"Sina gari. Nina baiskeli."

"Ina maana mimi sina?"

"Unayo. Njoo uiendeshe, nikupe na madumu."

Masalu alicheka sana, kisha sauti ikabadilika. Akauliza kuhusu viwiko, akauliza mara ya pili, halafu akasema, "Nenda. Waambie habari ya lile lori."

Jumamosi Mageni alifunga kitenge kipya, akapanda baiskeli iliyokwisha kunyooshwa, akafika ukumbini saa nne kasoro. Aliiegemeza kwenye uzio, akaingia. Viti vilikuwa vimepangwa kwa safu, na mbele ya kila safu palikuwa pamebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: MADEREVA. BODABODA NA BAJAJI. WAFANYABIASHARA. WAKULIMA NA WAFUGAJI. WAENDA KWA MIGUU. WAENDESHA BAISKELI. Mtendaji wa kata, Mama Salome, alikuwa mlangoni akimwambia kila anayeingia, "Kaeni kwa makundi yenu, tafadhali."

Mageni hakusita. Alikwenda kwa wakulima na wafugaji, akabanana na wazee wawili anaowafahamu. "Mwangaluka, mayu," walimwamkia kwa Kisukuma, naye akaitikia vivyo hivyo. Safu yao ilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Safu ya waendesha baiskeli ilikuwa na vijana wawili tu, nguo zinabana, kofia ngumu magotini. Mmoja alikuwa Davis, bingwa wa mbio za mwaka jana, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye duka la vipuri.

Mhandisi Deusdedit, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole, alitundika mchoro ukutani na kuueleza vizuri. Malori yangepata sehemu ya kuegesha. Bajaji na bodaboda wangepata vituo. Waenda kwa miguu wangepata njia upande mmoja. "Tulifikiria pia njia ya baiskeli," alisema, "ila eneo ni dogo, na kama mnavyoona wenyewe, kundi hili..." Alinyoosha mkono kuelekea kwa Davis na mwenzake. "Kundi hili ni dogo."

"Samahani, mhandisi."

Alikuwa Rhoda, nyuma kabisa, bado na kizibao chake. "Mimi ndiye niliyekaa njia panda. Kwa siku tatu nimehesabu baiskeli elfu mbili mia tatu na kumi na nne. Magari yote, makubwa na madogo, hayakufika elfu moja na mia mbili. Na hapo waliokuwa wanakokota baiskeli sikuwahesabu."

Ukumbi ulinong'ona. Mhandisi alifunua karatasi zake, akaangalia, akakuna shingo. "Takwimu ninazo. Lakini nilitarajia kuwaona. Sasa hao watu wako wapi?"

Rhoda alimtazama Mageni.

Mageni hakuwahi kusema mbele ya mkutano, hata wa kikundi cha akiba cha vikoba. Alisimama akiwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Mimi naitwa Mageni, Mama Limi. Nauza maziwa. Ukiniuliza mimi ni nani, nitakujibu hivyo hivyo mpaka kesho, ndiyo maana nimekaa hapa. Lakini hujatuuliza tumefikaje." Hapo akapata wazo ambalo hakuja nalo. "Mama mtendaji, naomba ruhusa. Tutoke nje wote. Kila mtu akasimame kwenye chombo alichokuja nacho."

Mama Salome alimtazama mhandisi, mhandisi akamtazama Mama Salome.

"Tutoke," alisema mtendaji.

Watu walimiminika uani huku wakicheka na kusukumana kama wanafunzi kengele ya mapumziko inapolia. Kwenye uzio baiskeli zilikuwa zimeegemeana mpaka kona, na nyingine zimelala juu ya nyasi. Wazee wawili wa safu ya Mageni wakaenda kwenye baiskeli zao. Safu ya wafanyabiashara karibu yote ikaenda huko huko, mmoja akishika baiskeli yenye tenga la nyanya. Mwalimu mkuu aliyekaa kwa waenda kwa miguu alichomoa ufunguo wa kufuli mfukoni. Kutoka kwa madereva lilitoka jibaba lenye tumbo kubwa, dereva wa lori kwa miaka ishirini, likaenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyekundu ya kike.

"Lori liko gereji," alisema kwa haraka, kabla hajaulizwa. "Na hii ni ya mke wangu."

"Na wewe mtendaji?" sauti iliuliza kutoka katikati ya watu.

Mama Salome alisimama kidogo kwenye ngazi. Kisha akazunguka nyuma ya ofisi, akarudi anasukuma baiskeli ya buluu yenye kikapu mbele. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. "Huwa naificha," alisema, akijitahidi kukunja uso. "Wakiiona nje wanadhani ofisi haina hadhi."

Hapo ndipo watu walipogundua kwamba Davis na mwenzake wamebaki peke yao katikati ya uwanja, kofia zao mikononi.

"Na nyinyi mabingwa?" aliuliza mhandisi. "Zenu ziko wapi?"

Davis alisugua kiatu chake chini. "Tumekuja na bajaji. Matairi yetu ni membamba, na huku kuna miiba."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni. Davis mwenyewe alicheka kuliko wote, akachuchumaa akishika tumbo. Kisha akasimama, akaenda kwa Mageni na kuuliza kama anaweza kuiinua baiskeli yake. Alipojaribu, na dumu moja tu la maji likiwa kwenye keria, uso wake ulibadilika.

"Mama, unakwenda na hii umbali gani?"

"Kumi na nne. Na kurudi."

"Kila siku?"

"Ng'ombe hawana Jumapili, mwanangu."

Davis aliishusha taratibu. "Sisi huwa tunapumzika Ijumaa," alisema.

Mhandisi Deusdedit alizihesabu baiskeli mwenyewe kwa kidole, akipita mbele ya kila mtu na kumsalimia. Sabini na tatu. Alirudi ndani, akaubandua mchoro, akautandika juu ya meza na kuomba penseli. Watu walimzunguka. Mageni alimwonyesha mahali lori lilipomtupa, naye akapachora msalaba. Mzee mmoja akaonyesha daraja jembamba. Yule dereva wa lori akasema kwamba ukweli ni kwamba hata wao wanaogopa, ukiwa juu kule mwenye baiskeli humwoni mpaka ameshafika kwenye kioo. Mhandisi hakuahidi kila kitu. Alisema maegesho ya malori yatasogezwa nje ya mji, na nafasi itakayobaki ndiyo itakuwa njia ya baiskeli, pande zote mbili, na kwamba atarudi mwezi wa tisa na mchoro mpya. Alirudi kweli, na njia ilikuwepo, imepakwa kijani.

Lakini siku ile kulikuwa na jambo moja la mwisho. Kamati ya barabara ilihitaji mwakilishi kutoka kila kundi. Ilipofika zamu ya baiskeli, Davis ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. "Mama Maziwa," alisema. Mikono mingine ikafuata. Rhoda alipewa kazi ya kuandika.

"Jina, Mageni Masalu. Kundi, niandike nini, mama?" aliuliza, kalamu tayari, jicho moja linacheka.

Mageni alifikiri. "Andika unavyotaka. Nikija kwenye kikao nitakuja na baiskeli, na maziwa nitakuwa nimeshagawa."

Mkutano ulipovunjika, wote sabini na tatu walitoka lango moja kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepanga hivyo. Walijikuta tu wameijaza barabara, tenga la nyanya mbele, mwalimu mkuu nyuma yake, Mama Salome amekaa wima kama yuko ofisini, na Rhoda juu ya keria ya Mageni amekumbatia dumu. Bodaboda mmoja aliyekwama nyuma yao alipiga honi mara tatu, akapayuka:

"Nyie waendesha baiskeli! Tupisheni!"

Vichwa sabini na tatu vikageuka. Cha Mageni pia.

"Umegeuka, mama," alisema Rhoda nyuma yake.

"Nimegeuka," alikiri Mageni, akakanyaga pedali.