Maji ya Maharagwe Meusi

Asubuhi ile wauza maziwa wa Kirolirwe walimcheka Mukasine, mtengeneza jibini anayenunua maziwa yao, mpaka wakashika mbavu. Badala ya kuonja maziwa kwa kijiko kama siku zote, alikuwa amepanga glasi mezani, kila moja na maji kidogo yaliyolowekewa maharagwe meusi, yenye rangi ya zambarau.

"Mukasine, unatupikia ao unatupima?" Chantal alimtania.

"Nawapima. Simama kwa mustari."

Hakuwa na hamu ya mzaha. Wiki iliyopita sufuria nzima ya jibini, fromaji kama wanavyoiita hapa, ilikataa kuganda, lita themanini zikamwagwa, na kwa wafugaji wa milima hii kumwaga maziwa ni msiba. Chantal peke yake alipoteza lita kumi. Kulikuwa na mtu aliyetia maji ya majivu, yale ya kulainishia maharagwe, kwenye maziwa yaliyoanza kuchacha, ili yasikatike motoni. Kijiko hakikujua lolote, maana uchachu ulikuwa umekwisha. Basi wote wakaapa: atakayekamatwa hataleta tena maziwa hapa, awe nani awe nani.

Ndipo Mukasine alipokumbuka darasa la Papa Kanamugire. Ah, siku zile! Shule haikuwa na hata bomba moja la kioo. Mwalimu alikuja na chupa za bia, asidi ya betri, siki, soda kali ya kutengenezea sabuni, na sufuria ya maharagwe aliyomnyang'anya mkewe. Asidi ya betri ikageuza yale maji kuwa mekundu. Siki nayo ikayageuza mekundu. Darasa likapiga kelele kwamba ni kitu kimoja.

"Munakimbia wapi?" akawakemea. "Rangi imesema ni asidi. Bado haijasema nguvu."

Akaunganisha kila asidi na soda, kwa vipimo alivyovihesabu nyumbani, mpaka ikabaki chumvi tu. Halafu akaipima ile chumvi. Ya asidi ya betri haikubadilisha kitu, zambarau ilibaki zambarau. Ya siki ikaleta kijani.

"Chumvi iko mutoto," akasema, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. "Wazazi wote wakiwa na nguvu, hafuate muntu. Lakini siki iko zaifu, na soda iko na nguvu. Njo maana mutoto amefuata soda. Unaweza kuua uchachu. Huwezi kufunga chumvi mudomo."

Mukasine alimpenda mwalimu yule kama mzazi. Alipofaulu mtihani wa serikali, baba yake, mfugaji, alimpelekea mwalimu mtamba mmoja wa shukrani. Mwalimu, mkulima wa maharagwe aliyekuwa hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe! Kijiji kizima kilikwenda kumtazama akikamua. Gaju, ng'ombe ambaye mwalimu anamkamua siku hizi, ni mjukuu wa mtamba yule.

Glasi za wengine wote zilikuwa zimebaki zambarau. Jua lilikuwa limeshapanda Papa Kanamugire alipofika, wa mwisho, fimbo mkono huu na bido la maziwa mkono huu, jasho likimtoka. Mukasine alimpokea kwa mikono miwili, akadondosha maziwa yake kwenye glasi bila hata kutazama.

Alipotazama, ilikuwa kijani.

Akachukua glasi nyingine. Kijani. Ee Yesu, mtu yeyote, lakini si huyu!

"Haya maharagwe yameharibika," akasema kwa sauti, akiisukuma glasi nyuma ya mkono wake. Chantal akanyoosha shingo.

Papa Kanamugire aliweka fimbo chini. "Mukasine. Jibu hilo nilikufundisha mimi?"

Mukasine akairudisha glasi katikati ya meza.

"Soma rangi. Kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

"Asidi ya maziwa iko zaifu, Papa," akasema, machozi yakimtoka. "Majivu yameimaliza. Chumvi imefuata majivu."

"Ni vile." Mzee alishika goti lake. "Zamani nilishuka kwa saa moja. Sasa saa tatu. Maziwa inachacha njiani, na mimi nikaona haya kurudi nayo. Nikafikiri mulishasahau yote." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumia. "Kumbe nilifundisha muzuri."

Akachukua chaki. Kwenye ubao wa kuandikia lita za kila mtu, mbele ya jina lake mwenyewe, akaandika sifuri, ile sifuri kubwa ya duara waliyokuwa wakiiogopa wote darasani. Akamwomba Chantal msamaha, akaokota fimbo, akaondoka.

Chantal alikuwa ameapa kumtukana aliyeharibu maziwa yake mbele ya watu. Sasa alisimama anakikunja na kukikunjua kitenge chake. Mwishowe akafoka, kama aliyekasirishwa na Mukasine: "Tulisema hataleta. Nani alisema tusiende kuyachukua?"

Kesho yake umande haujakauka, Mukasine alipanda mlima na bido lake. Njia nzima alikuwa anaogopa: atamwamkia vipi mtu aliyemwaibisha? Alimkuta Papa Kanamugire kwenye kigoda, ndoo imejaa povu, Gaju akilamba ndama. Juu ya jiwe palikuwa na glasi ya maji ya maharagwe meusi.

"Papa, hakuna haja..."

"Pima."

Akadondosha. Wakainamisha vichwa vyao pamoja, kama zamani juu ya chupa za bia. Rangi ilipauka kwa weupe wa maziwa, lakini ikabaki zambarau.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuifuta. Kisha akammiminia maziwa yote.

"Sasa kimbia, mutoto wangu," akasema. "Ile asidi iko zaifu, lakini haingoje muntu."