Ishara ya Tano ya Bi Khulud

Kwa wiki tatu mfululizo Mahfudha alikuwa anafungwa karata, na mtoto wa Bi Khulud wa Temeke hafungwi karata wiki tatu mfululizo. Mara moja sawa, mtu unaweza kuamka vibaya. Lakini wiki tatu, tena na watu waliojiita Mnyama wa Tabata na Chuma cha Mikocheni, watu ambao huenda hata kuchanganya karata hawajui kwa sababu kompyuta inawachanganyia, hilo lilimtoa hamu hata ya chakula.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa bure, wa kwenye intaneti. Hupakui kitu wala hulipi kitu; unafungua ukurasa, unakaa mezani, arbastini inaanza. Watu wanne, wawili kwa wawili, na karata kubwa inakula. Mahfudha alichezea kwenye kompyuta ya duka la mapazia la kaka yake Awadh, kila baada ya adhuhuri, saa ambazo wateja wamepungua na Awadh amejinyoosha nyuma ya marobota ya vitambaa. Mwenzake mezani alikuwa Tekla, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbezi Luis, aliyecheza kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana.

Tekla hakuwa mtu wa kuokotwa mtandaoni. Miaka sita nyuma, alipokuja mjini kutoka Same, alipanga chumba cha uani nyumbani kwa kina Mahfudha. Mwaka uliofuata mume wa Mahfudha alifariki, na Mahfudha akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani, haendi sokoni, haendi harusini, anahesabu misumari ya dari. Ndugu walikuja wiki ya kwanza na sahani za pilau, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Aliyebaki ni Tekla. Kila akitoka shule alibisha hodi, akavua viatu, akakaa naye mkekani. Siku Mahfudha alipolia mpaka akakaukiwa, alifungua kabati la marehemu mama yake, akatoa karata. Shangazi zake wangejua kwamba mjane anacheza arbastini edani wangezimia wote kwa pamoja, lakini hawakujua. Ilikuwa siri ya wanawake wawili.

Humo ndani Mahfudha alimfundisha Tekla ishara za Bi Khulud. Watu wa karata wanafahamu kuwa ishara si wizi. Ni nusu ya mchezo. Bi Khulud na dada yake walikuwa na zao tano, na siku ya tatu ya Idd wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakikodoa macho wazikamate wakashindwa. Mmoja akigusa kipini cha pua, ana turufu kubwa. Akikohoa, hana kitu, dada aokoe jahazi. Mahfudha alimfundisha Tekla nne. Ya tano aliiacha, maana hakuona itawafaa nini.

Tekla alipohamia Mbezi ndiye aliyeugundua mchezo huo wa bure, akampigia simu Mahfudha kwa furaha utadhani kapanda cheo. Mezani mwa mtandao hamna vipini wala vikohozi, lakini kuna vikatuni vya kurushiana, nao wakavifanya ishara: ua ni kipini, kikombe cha chai ni kikohozi. Walitesa watu. Miaka mitatu mizima walitesa watu, na Mahfudha aliamini kwamba ule muda wa saa moja kila mchana ndio uliomshikilia asiporomoke.

Sasa basi, Jumatano ile, baada ya kufungwa tena, aliteremka chini ya ukurasa, mahali pa maoni na mbinu za wachezaji. Alipapenda pale. Watu wa Dar wakipewa pa kuandika wanaandika. "Mchezo mzuri ila matangazo yanakula bando." "Usibofye haraka, unaweza kutupa turufu bila kutaka." "Mie nilikuwaga nafungwa na bibi yangu, sasa namfunga." Mahfudha alitafuta kama kuna mwenye tatizo kama lake.

Juu kabisa, penye laiki mia nne na zaidi, kulikuwa na andiko la mtu aliyejiita Ticha wa Mbezi. Kichwa chake kilisema: Mbinu Nne za Ushindi. Mahfudha aliona jina akatabasamu, akagonga laiki kabla hata hajasoma, kwa kuwa alijua ni nani na alijivunia. Shoga yake kaandika.

Kisha akasoma. Ua, turufu kubwa. Kikombe cha chai, mkono mtupu. Zote nne zilikuwepo, moja baada ya nyingine, zimepangwa vizuri kama notisi za ubaoni. Alijiambia labda Tekla hakufikiria. Akaendelea chini.

"Hizi nilifundishwa na mama mmoja mjane," Ticha wa Mbezi aliandika, "tena akiwa edani, hawaruhusiwi kutoka wale, kazi yake kulia tu. Nilikuwaga namwachia ashinde anyamaze. Mpaka leo nacheza naye kwa huruma. Udhaifu wake, ree ya shupaza haiachii hadi karata ya mwisho, anasema ni karata ya mama yake. Ukikutana na mchezaji wa hivyo, msubiri tu, unamla."

Chini yake Mnyama wa Tabata alikuwa amejibu: "Asante ticha, mbinu zinafanya kazi. Kuna mama tunamla kila siku."

Mahfudha alisoma mara tatu. Kufungwa hakukumuuma tena hata kidogo. Kilichomuuma ni zile jioni za mkekani, ambazo yeye aliziweka moyoni kama kitu kitakatifu, kumbe mwenzake alikuwa anabembeleza mtoto. Aliona aibu, halafu akaona hasira kwa kutiwa aibu, halafu akawa hana anachokiona.

Bado alitaka kumpa nafasi. Mtu humtupi hivi hivi aliyekufuta machozi. Kesho yake, kabla ya mchezo, alimpigia simu.

"Tekla, hivi we unajua kwa nini tunafungwa sikuhizi?"

"Ah, bahati tu shoga yangu. Karata haziji."

"Labda kuna mtu kazijua ishara zetu."

Watoto wa shule walisikika wakipiga kelele nyuma yake.

"Nani azijue?" Tekla akasema. "Si mie na we tu. We unawaza sana, ndo maana. Twende mezani, kengele yangu inakaribia."

Aliisema bila kukwama, kwa sauti ileile aliyokuwa akibishia nayo hodi. Hapo ndipo Mahfudha alipojua imekwisha.

Walikaa mezani. Wapinzani walikuwa Mnyama na Chuma, nao Mahfudha hakuwajali. Hakurusha ua wala kikombe. Tekla alirusha vyote, mara hiki mara kile, na wapinzani wakamla kadiri walivyotaka. Mahfudha alikuwa nayo mkononi ree ya shupaza, na alijua meza nzima inaisubiri.

Karibu na mwisho Mnyama alifungua na shupaza ndogo, Tekla akatupa saba ya shupaza, karata ambayo katika arbastini inazidiwa na ree peke yake. Chuma akaweka taka. Mzunguko ulikuwa wa Tekla tayari. Zamu ikawa ya Mahfudha, na mtoto wa chekechea angejua kwamba hapo unaweka karata mbovu, mwenzio amekwisha kula.

Mahfudha alikumbuka Bi Khulud na dada yake, Idd moja, walipokuwa wamegombana juu ya jambo ambalo watoto hawakuambiwa. Mama aliweka karata yake kubwa juu ya karata ya dada yake iliyokwisha kushinda. Mama mkubwa alivaa baibui akaondoka, na wawili wale hawakukaa upande mmoja tena mpaka wanakufa.

Alibofya. Ree ya shupaza ikashuka juu ya saba ya Tekla.

Simu ililia kabla mchezo haujaisha.

"Shoga, umekosea kubofya?"

"Sijakosea."

"Umenila mie, mwenzio. Sasa hiyo ndo ishara gani?"

"Ya tano."

"Ya tano ipi? Mbona hukunifundisha?"

"Sikudhani ningeihitaji kwako," Mahfudha alisema. "Maana yake, kuanzia hapa kila mtu acheze peke yake. Kaiandike na hiyo, Ticha wa Mbezi. Umeandika nne tu."

Upande wa pili kengele ya shule ilianza kulia. Tekla alisema, taratibu, "Mahfudha, lakini jina lako sikulitaja." Mahfudha akakata simu, akafunga ukurasa, na machozi yaliyokataa tangu jana yakamtoka yote juu ya meza ya duka.

Awadh aliinuka nyuma ya marobota, usingizi bado machoni. Akamtazama dada yake, akaitazama kompyuta.

"Umefungwa tena?"

"Nimefungwa."

"Na we nawe," Awadh akasema, akijilaza tena. "Mchezo wenyewe wa bure, unalilia nini?"