Tusiachane Zaidi ya Dakika Mbili

"Griet, ukifia huko mlimani, tukuzike na hiyo kofia ngumu au tukuvue kwanza?"

Aliyeniuliza ni Lenie, jirani yangu, ameegemea ukuta wa chokaa unaotenganisha nyua zetu, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, natia mafuta mnyororo wa baiskeli. Nikamjibu, "Nizikeni nayo. Siku ya kufufuliwa nisipoteze muda kuitafuta."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilijua kijiji kizima cha Sionskloof kilikuwa na swali hilo hilo, ila si wote wenye mdomo wa Lenie. Mjane wa miaka hamsini na nne, anayefua na kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana, anaingia mashindano ya baiskeli za milimani. Siku tatu, kilomita mia na hamsini, na siku ya tatu ni Jumapili.

Mashindano hayakuwa yangu, yalikuwa ya binti yangu Rozelle. Kiwanda cha kukausha matunda kilipofungwa alikaa nyumbani miaka miwili. Kisha ofisi ya njia za mlimani ikatangaza inataka mtu wa kuongoza wageni wanaokuja kuendesha baiskeli huku kwetu. Ilimkubali Rozelle kwa sharti moja: kwanza amalize mashindano haya, jina lake lionekane kwenye orodha ya waliomaliza. Akafanya mazoezi mwaka mzima na rafiki yake Veronique. Zikiwa zimebaki siku tisa, Veronique akateleza kwenye changarawe akavunja mtulinga. Na mashindano yale ni ya wawili wawili. Ukija peke yako hupokelewi.

Rozelle alilala siku tatu amegeukia ukuta. Siku ya nne nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mimi naenda kazini bustani za mapeari kwa baiskeli. Kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, mwaka wa ishirini huu."

"Mama anatania."

"Umeniona nacheka?"

Kwetu mtoto hamwambii mzazi "wewe". Hata akikasirika atasema "Mama afanye hivi, Mama aache vile," kama vile Mama ni mtu mwingine aliyekaa chumba cha pili. Rozelle akakaa kitandani. "Mama anajua kuna kushuka mawe? Kuna mito?"

"Mama anajua. Amka ule."

Kwa habari ya Jumapili nilikwenda kwa mchungaji. Aliniuliza kama nina ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Nikamwambia sina ng'ombe, nina binti, na miaka miwili bila kazi ni shimo. Akasema basi nikamvute, na nisisahau kusoma neno la siku kabla sijapanda.

Ijumaa tukaanza. Sheria waliyotusomea kwa kipaza sauti ilikuwa fupi: kila kituo, wenzi wasipishane zaidi ya dakika mbili. Mkikosea mara moja mnaonywa. Mara ya pili mnafutwa.

Kwenye kupanda sikumsumbua sana. Mapaja yangu yamezoea. Taabu ilikuwa kushuka. Rozelle anashuka kama maji ya mfereji. Mimi nilifika kwenye yale mawe, nikateremka, nikaisukuma baiskeli kama toroli. Nilipotokea kituo cha pili, dada mwenye saa, msimamizi wa kituo, alikuwa ameshaandika: dakika mbili na sekunde arobaini.

"Mama alikuwa anashuka au anaomba?" Rozelle aliniuliza, macho mekundu.

"Vyote viwili."

Hakucheka. Siku ile yote hatukusemeshana ila "kushoto" na "shimo".

Jumamosi nilishuka juu ya baiskeli. Nilianguka mara nne, na mara ya nne ilikuwa mtoni, mbele za watu. Wanaume wawili wa mjini, wenye nguo za manjano zilizowabana kama ngozi ya soseji, walipita wakinirushia maji, mmoja akiniita tannie, yaani shangazi.

"Tannie, kwenye mkoba una nini, sufuria?"

"Mikate ya makaa na jemu ya zabibu. Mkiishiwa nguvu mje kwa adabu."

Kilomita ya arobaini walikuja kwa adabu. Niliwapa mmoja wagawane. Rozelle aliona, nikamsikia anacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu Veronique aanguke. Vituo vyote vya siku ile tulipita pamoja, tairi kwa tairi.

Ikabaki Jumapili. Njia ya siku ya mwisho inapanda mlima ulio juu ya kijiji chetu, na kituo cha mwisho kiko juu kabisa, mgongoni mwake. Asubuhi nilisoma neno la siku kwa sauti. Rozelle alikuwa anajaza upepo, sikujua kama anasikiliza. Tangu baba yake afariki, kanisani anaingia Pasaka tu, na mambo yetu ya zamani anayaita mambo ya wazee. Nilishazoea kuomba kwa niaba yake.

Kwenye kona za mwisho alikuwa ametangulia kidogo. "Mama aje taratibu, dakika moja na nusu inatosha," aliniambia, akapinda kwenye mwamba, nisimwone tena.

Ndipo kengele ikalia huko chini.

Kengele ya kanisa letu ikipigwa pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, kuna mtu wa kijiji ametangulia. Hupigwa mara moja kwa kila mwaka alioishi. Popote ulipo unasimama, umeshika mkasi wa kupogolea au mtoto wa kunyonyesha, unahesabu mpaka mwisho. Mguu wangu ulishuka chini kabla sijafikiri. Nikavua kofia.

Kufika pigo la thelathini akili ikanirudia. Onyo tulikuwa nalo moja. Rozelle yuko mbele anakanyaga, na kila pigo ninalolisimamia linamtoa kazini. Pigo la arobaini na moja nikaweka mguu kwenye pedali. Nakiri hilo mbele za Mungu na mbele yenu. Kisha nikamkumbuka Dawid, mume wangu. Yake ilikuwa mapigo arobaini na tisa tu, na dereva wa trekta asiyetujua, mtu wa mbali, alizima injini katikati ya barabara akasimama mpaka la mwisho. Nikaurudisha mguu chini.

Wale wa manjano wakanipita. "Tannie, betri imekufa?" Nikaweka kidole mdomoni. Wakatazamana, wakaenda.

Themanini na tatu. Nikapanda baiskeli na kukanyaga kama sijawahi kukanyaga, machozi na jasho sikuweza kuvitenganisha. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mwanangu, na yote yalikuwa mabaya.

Kituoni Rozelle alikuwa amesimama, uso umemwiva. Dada mwenye saa akapunga mkono, "Piteni, piteni!" Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuthubutu kuuliza, naye Rozelle hakuniangalia; akageuza gurudumu tukaanza kushuka. Kilomita tisa. Tulimaliza kabla ya muda kwisha, nikavishwa medali, nikatafuta kivuli.

Sijanywa hata chai, tukaitwa kwenye hema la waamuzi.

Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Terblanche, mzee mkavu, filimbi shingoni na kofia yake ya majani mezani. Alimwacha Rozelle nje, akaniambia niketi. Mbele yake palikuwa na karatasi ya malalamiko. Wale wa manjano walisema wamenikuta nimesimama bila pancha wala maradhi, na kona tatu mbele wakamkuta binti yangu naye kasimama vilevile. Tena walipotazama nyuma kutoka juu, walituona tukiondoka kwa wakati mmoja.

"Mama, vyombo vya kuongelea masikioni ni marufuku. Mnavyo?"

"Binti yangu alisimama?" nilimwuliza.

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Sina chombo, Bwana. Kengele ya msiba ililia. Nilisimama mpaka ikaisha."

"Ilichukua muda gani?"

"Sikutazama saa. Nilihesabu mapigo. Themanini na matatu."

Akaandika. "Sasa geukia ukuta huo wa turubai, na usiseme neno."

Nikageuka. Nikasikia viatu vya Rozelle vikiingia, vile vya kubofya kwenye pedali.

"Ulisimama kwenye kupanda," akasema mzee. "Kwa nini?"

Rozelle akajibu polepole, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari, "Kengele ya kwetu ililia, Oom." Ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, mjomba.

"Ulikuwa na onyo. Mama yako angekuja akupite, au akuache mbali zaidi. Ulijuaje kwamba naye amesimama?"

"Sikujua. Nilijua nimeharibu. Nilidhani yeye anaendelea kukanyaga, atanikuta nimesimama anilaumu kwa kupoteza muda." Akavuta pumzi. "Lakini huwezi kumpita mtu hivyo, Oom. Hata kwa baiskeli."

"Ulihesabu?"

"Themanini na tatu."

Turubai lilikuwa mbele ya macho yangu, lakini sikuliona. Mzee akasema nigeuke. Rozelle alikuwa ameshika kofia yake ngumu kifuani kwa mikono miwili, ananitazama, na mimi namtazama.

Bwana Terblanche akaliangalia jedwali la saa: kituo cha mwisho tulipishana dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Akaipiga ile karatasi ya malalamiko mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Akachukua cheti cha waliomaliza, akakigonga muhuri, akakisukuma mpaka kwenye vidole vya Rozelle. Kisha akainuka, akaishika ile kofia ya majani mkononi bila kuivaa, akainamisha kichwa kidogo kuelekea upande wa kijiji, akatoka.