Nyuzi za Pistoni

Majirani walimwita Spidi, na walimwita hivyo kwa uchokozi tu. Gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili, lilikuwa na mwaka wa tisa halijatoka bandani. Mara ya mwisho lilikunywa oili nyingi kuliko petroli, likafukiza mtaa mzima moshi wa bluu, likarudi nyumbani likisukumwa.

Mkewe, fundi cherehani, alivumilia mpaka akachoka. Vyerehani vyake vitatu vilibanana sebuleni; banda alilihitaji. Bila kupandisha sauti akamwambia mumewe kwamba Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu: gari liwake kabla yake, au lipande mzani. Spidi akaapa litawaka. Kiapo chenyewe kilikuwa cha tano. Lakini safari hii roho ilimuuma kweli, maana gari lile ndilo kitu pekee maishani alichokinunua bila kumwomba mtu ruhusa.

Injini nyingine? Bei yake ya kumliza mtu mzima. Fundi magari, bwana wa maneno machache, akaifungua ile ile, akapimapima, akasema pistoni bado nzima. Zilizokwisha ni ringi zinazozizunguka na beringi. Hizo wataweka mpya, silinda watazisugua kidogo, na Spidi aoshe vyuma mwenyewe ili gharama ipungue. Sharti lilikuwa moja: kila pistoni imezoeana na tundu lake, basi irudi humo humo.

Spidi akazipanga zote nne kwa mfuatano juu ya meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, akaenda kununua mafuta ya taa. Kurudi, akakuta kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Akaguna. Ama kweli mwanamke huyu kaamua kumfanyia stihizai, anamrembea pistoni kama maharusi! Kwa hasira akazimimina kwenye beseni moja, kama viazi, akazisugua mpaka zikang'aa. Nyuzi zenyewe hakuzifungua, mafundo yalimshinda.

Ijumaa asubuhi fundi akainama juu ya beseni.

"Namba moja ipi?"

Spidi akakodoa macho. Jasho likamtoka, jembamba. Akaanza kusimulia habari za mafuta ya taa, na fundi akaanza kukusanya spana zake.

"Nyeupe, nyekundu, nyeusi, kijani," mkewe akasema kutoka sebuleni, cherehani hakijasimama. "Kuanzia mbele."

Miaka yote ya kushona, mkono wa gauni la mteja mmoja haujawahi kuishia kwenye gauni la mwingine. Kwake kipande hakiondoki mezani bila uzi.

Jumamosi gari likakohoa, likatema moshi kidogo, kisha likatulia na kunguruma safi. Mnunuzi wa vyuma akageuza mkokoteni wake. Spidi, kwenye usukani, meno yote nje, akamuuliza mkewe mbona kamwokoa, na banda alikuwa analitaka mwenyewe.

"Miaka tisa nakusikia ukilisifia," mkewe akasema. "Hata siku moja hujaniambia panda."

Aibu ilimshika Spidi, aibu hasa. Akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango.

"Panda, mke wangu."

Akapanda. Jumatatu vyerehani vikahamia bandani, na gari sasa hulala nje, chini ya turubai alilolishona yeye.