Kadi za Kijapani

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na Jemima alichagua majembe mpaka mtihani ukamfikia mlangoni. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kutafuta nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Japani. Programu ya kwanza ya kujifunzia Kijapani aliyoiweka kwenye simu ilitaka intaneti kila saa, na intaneti ya Bunia huja ikijisikia. Ya pili ilimaliza betri kabla hajavuka salamu. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila binamu yake Orly, mtu wa kushauri hata asipoulizwa, alimwambia simu ni ya wavivu: akate kadi za katoni, achore herufi upande mmoja, na nyuma asiandike kitu, maana tafsiri ya Kifaransa ikiwa nyuma jicho litaiba. Jemima akatii. Akaifuta programu, akazitunga kadi kwenye uzi mwekundu, akazifunga kiunoni ajifunze popote.

Jamani, kiunoni! Katika Ituri hii ya Kongo, ambako wapiganaji wa porini huingia vitani na hirizi zao kiunoni.

Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kwa shangazi yake kijijini Iga Barrière, nyuma ya pikipiki ya kukodi ya Gauthier, askari walipowasimamisha kizuizini. Uzi ulichungulia chini ya blauzi. Askari mmoja akauvuta, akaziona zile alama, akarudi nyuma na kumwelekezea bunduki.

“Hii dawa, nani alikufunga yeye?”

Jemima akajitetea kwamba ni masomo. Wakaichukua simu yake watafute hayo masomo, wasione hata herufi moja ya Kijapani. Aliwajua watu waliowahi kupelekwa nyuma ya turubai kama lile lililokuwa pale, na jamaa zao wanawaulizia hadi leo. Gauthier alikuwa akitazama gurudumu lake.

Kamanda akaletewa kadi. Akaamua msichana azisome zote kwa Kijapani na kutaja maana, kisha yeye azichanganye, asome tena. Maneno yakibadilika, basi ni mwongo. Mzunguko wa kwanza Jemima aliupita. Katika wa pili akafika kwenye kadi moja, na kichwa kikawa kitupu.

“Hii ulisema ni maji,” kamanda akasema polepole. “Miye nimeshika. Weye munafunzi unasahau namna gani?”

“Ni woga, chef, mukubwa wangu. Ile bunduki iko inaniangalia.”

Kamanda akaitazama ile bunduki. Kisha akamwashiria askari aishushe.

“Sema sasa.”

“Mizu.”

Akamrudishia simu na kadi zake na kumwonya asizifunge tena mwilini.

Pikipiki ikaondoka. Angepaswa kushukuru, lakini hofu ilizidi pale Gauthier alipomkumbusha kwamba kabla ya mjini kuna kizuizi kingine. Mtihani ulikuwa Jumatatu na hakuwa na kitu kingine cha kusomea. Alilijua hilo. Alitaka zaidi kufika nyumbani. Akamwomba Gauthier apunguze mwendo, akaukata uzi kwa meno, akazitupa kadi zote majanini. Hakuna aliyemwamuru.

Kwenye kizuizi cha pili askari walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Mmoja aliwapungia mkono wapite.