Unga wa Mjakaranda

Mzee Ndeti alikilaza kinyago chali, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango wa kibanda chake. Tumboni mwa kile kinyago palikuwa na matundu matano ya duara, moja kwenye kitovu na mengine yametawanyika juu yake. Alifungua vifungo vya shati, akajitazama. Makovu yake ya kupasuliwa yalikuwa pale pale, kila tundu na kovu lake.

Kinyago hicho alikuwa amekiacha bila macho siku aliyoondoka kijijini Kola kwenda Nairobi kupasuliwa. Tangu ujana wake alichonga macho mwisho kabisa, na safari hii aliyaacha makusudi. Alijipa moyo kwamba mtu mwenye kazi mkononi haondoki duniani hivi hivi. Kisha akafunga kibanda na ufunguo akampa mkewe, Mbithe.

Binti yao Nzisa, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa amepiga simu akibembeleza. "Baba, huku kuna roboti. Daktari anakaa kando anaiongoza, na mkono wake hautetemeki hata kidogo. Kubali tu uje."

Daktari Kimotho wa Nairobi hakumficha kitu. Saratani ilikuwa bado ndani ya mfuko wa chakula, haijaenea. Njia zote mbili, ya roboti na ya mkono, zilipitia matundu madogo, kamera ikionyesha yaliyomo.

"Roboti inaona vizuri zaidi, mzee, na vidole vyake vinajipinda kuliko vyangu," alisema. "Lakini hakuna anayeweza kukuapia kwamba itakuongezea maisha. Mimi vyuma vya kupasulia nitavishika mwenyewe."

"Hebu nione mikono."

Ndeti aliishika, akaipima uzito jinsi anavyopima patasi dukani. Ilikuwa mikavu, imetulia. Akamchagua mwenye mikono. Baadaye aliambiwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula imeondolewa na kingo zake ni safi, hazina saratani, naye akaamini, hadi alipoyaona matundu haya.

Kila mchongaji anaujua mdudu wa mbao. Tundu unaloliona si mlango alioingilia, ni alikotokea akiwa amekwisha kula. Tundu halikuambii kama amewaacha wenzake ndani. Kinachosema ni unga: ukidondoka mpya, bado wanakula, na hapo kinyago huchomwa moto kabla hakijaambukiza vingine. Ndeti alikuwa amechoma vingi bila kupepesa jicho. Mjakaranda aliouchonga kinyago hiki nao ulikuwa mti laini, na alijilaumu kwa kutoungoja ukauke vizuri.

"Baba Nzisa, uji unapoa," Mbithe alisema mlangoni. Siku hizi mumewe alikula kidogo kidogo, mara nyingi. Aliyaona matundu. "Ai! Hiyo imeingia wadudu. Si uchome?"

"Hii siwezi."

"Kwa nini? Zingine si unachomanga?"

Ndeti alifunua shati. Mbithe alitazama tumbo, akatazama kinyago, akarudi kwenye tumbo. Hakucheka wala hakukemea, na hilo ndilo lililomtisha mzee zaidi.

"Basi tuangalie kama iko na unga," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu tujue."

Ndeti alikikung'uta kinyago, akakifuta, akakisimamisha juu ya kitambaa cheusi. Wakafunga mlango. Uji ulimshinda. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kukiri.

Asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, alioga, akavaa shati ambalo Mbithe alikuwa amelifua na kulipiga pasi, wakaenda pamoja kibandani. Alikinyanyua kinyago polepole. Kitambaa kilikuwa cheusi tii, hakina hata chembe.

"Hakuna kitu!" Mbithe alipiga makofi. "Asante Yesu. Wameisha!"

Ndeti alicheka hadi makovu yakamvuta. Alihisi njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu hospitali. Mbithe alikwenda mbio kumwekea chakula, naye akachukua kisu kidogo, kinyago akakiweka mezani. Sasa angeweza kukipa macho.

Alipoinama, kitu kilimwasha kitovuni. Alipitisha mkono juu ya shati, kisha akauangalia. Vidoleni palikuwa na unga laini, mkavu, wa rangi ya maziwa, kama ule wa mdudu wa mbao.

Alijaribu kukumbuka kama alikuwa amekipakata kinyago asubuhi ile. Jikoni Mbithe alikuwa anaimba. Ndeti alijipangusa, akangoja kidogo, kisha akapitisha mkono tena kuona kama umedondoka mwingine.