Shahidi Aliyemwona Kasa

Mzee Nikodemu alipoishiwa hoja za mpaka kati ya shamba lake na la shangazi yangu, alihamia baharini.

"Mwenyekiti, muulize shahidi wao," alisema. "Huyu Aurelia ndiye anayetangaza kwamba alipumua chini ya bahari, kobe akapita juu ya kichwa chake. Huyu ndiye wa kutuambia jiwe lilikuwa wapi?"

Ofisi nzima ya kijiji cha Michenga ikacheka. Shangazi Wilhelmina akainamisha kichwa, kwa sababu shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu. Jiwe lenyewe ni la kusagia, la bibi. Lilipopasuka alilifukia kwenye kona ya shamba liwe mpaka. Mbugani kwetu, kwenye bonde la mpunga, hakuna mawe; ukiliona moja, mtu amelibeba. Na hili lilikuwa limebebwa tena, hatua ishirini ndani ya shamba la shangazi. Tukishindwa siku ile, hatua hizo ni za Nikodemu moja kwa moja.

"Ni kweli ulizama?" aliniuliza mwenyekiti, Mzee Kassian.

"Ni kweli, mzee."

"Hebu eleza."

Nikaeleza. Nilikuwa nalea Viktor, mtoto wa daktari mmoja Mzungu pale Ifakara. Krismasi ya mwaka tisini na sita walinichukua hadi Mafia, na siku ya mwisho Mama Viktor akanifunga mtungi wa hewa mgongoni, akanishika mkono, tukashuka. Kule chini unasikia pumzi yako tu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Kasa ndiye kobe wa baharini. Hana miguu, ana makafi, na hayapigi maji, anayasukuma polepole kama mwanamke anayepepeta mchele asiyesubiriwa na mgeni. Alipita juu yangu, kivuli chake kikanifunika. Jicho moja likanitazama, likaona sina maana, akaenda zake. Nyuma yake wakaja taa watatu, samaki bapa kama ungo, wakipandisha mabawa na kuyashusha kwa pamoja, kama masista wanaokwenda kukomunika. Nilisahau kuvuta pumzi mpaka Mama Viktor akanifinya.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Hata Nikodemu mdomo ulikuwa wazi. Akaufunga.

"Uongo wake mtamu," alisema.

"Miwani niliyozamia ninayo hapa, baba," nikamjibu, nikaitoa kwenye kikapu. "Jiwe likikaa mahali miaka thelathini huacha shimo. Kesho saa tatu nizame mbele yenu nilitafute."

Akaipokea, akaigeuza. "Na chini ya maji unaona?"

"Kule Mafia niliona mpaka kucha za kaa."

Sikusema uongo. Ila ilikuwa Januari ya mwaka wa Elinino, maji ya mbugani yalifika kiunoni na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Humo hata kasa mwenyewe angejigonga.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mzee Kassian, nikamwomba kesho yake tutangulie sisi wawili, alfajiri.

"Kuna nini?"

"Sijui, mzee. Tukae tu."

Tukakaa juu ya dungu la shangazi, kile kichanja cha kufukuzia ndege. Kukaa huko nakujua. Tangu nimalize darasa la saba mpaka nilipokwenda Ifakara ndiyo ilikuwa kazi yangu kila msimu. Mzee Kassian alianza kusinzia. Kulipopambazuka, Nikodemu akaja ndani ya maji, jembe begani, suruali shingoni. Akashika nguzo ya dungu letu bila kutazama juu, akaanza kuhesabu hatua. Ya nane akasimama, akapapasa kwa mguu, akaanza kuvuta tope alifukie shimo.

"Nikodemu," Mzee Kassian aliita taratibu. "Unalima maji?"

Jembe likamponyoka.

"Natafuta kambale, mwenyekiti."

"Kwa jembe?"

Saa tatu kijiji kizima kilikuwa pale. Nikodemu akaamriwa alirudishe jiwe, akalibeba tumboni kama mjamzito wa miezi tisa, na shangazi juu ya tuta akimwelekeza.

"Sogea, baba. Bado. Ongeza hatua mbili."

Akaongeza. Siku ile angeongeza hata kumi. Lakini mimi nilikuwa nimeona jembe lilipoangukia, na shimo alikuwa ameshalipita, kaingia shamba lake mwenyewe.

Mzee Kassian akanigeukia. "Shahidi, ni hapo?"

Shangazi alinikazia macho. Watu wote wakawa wananisubiri mimi, aliyemwona kasa.

"Hapana, mzee," nikasema. "Arudi hatua mbili."

Nikodemu akarudi, akalitua. Jioni shangazi alinipakulia wali mkavu, samaki akamla peke yake.